Maswali ya wasomaji: Magnitogorsk, mji ulioanzishwa na mlima wa chuma

Toleo lililopita, kwenye ile habari ya bei ya nondo na mabati, tulitaja kwa mistari miwili tu mji wa Magnitogorsk wa Urusi, tukasema ulijengwa kwa ajili ya kiwanda kimoja cha chuma. Maswali yakamiminika. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na mengine nitayajibu kwa urefu kwasababu yanastahili.

Huo mji uko wapi hasa? Mtu mmoja kaniambia Ulaya, mwingine kasema Asia. Msomaji, Dodoma

Wote wawili wako sahihi kaka. Magnitogorsk iko kusini mwa milima ya Ural, mkoa wa Chelyabinsk, siyo mbali na mpaka wa Kazakhstan, na mto Ural umeukata mji vipande viwili. Kwa jiografia iliyozoeleka mto huo ndio mpaka wa Ulaya na Asia, sasa kiwanda kiko ng'ambo ya mashariki ambayo ni Asia, na watu wengi wanaishi ng'ambo ya magharibi ambayo ni Ulaya. Yaani mtu anaamka Ulaya, anapanda tramu, anavuka daraja, anaingia shifti Asia, jioni anarudi Ulaya kula. Tramu zipo tangu 1935 na mpaka leo ndio usafiri mkubwa wa wafanyakazi. Wakazi ni kama laki 4 na elfu kumi hivi. Na saa zao ziko mbele ya za kwetu Afrika Mashariki kwa masaa mawili tu, watu wengi hilo huwa linawashangaza.

Serikali yao iliwaza nini kwenda kujenga kiwanda kikubwa hivyo nyikani ambako hakuna kitu? Si wangejenga karibu na Moscow? Msomaji, Kakamega

Kitu kilikuwepo, mlima. Unaitwa Magnitnaya, na mawe yake yalikuwa na chuma zaidi ya nusu ya uzito wake, tena madini yenyewe yako juu juu, huhitaji kuchimba shimo refu, unakwangua tu mlima. Watu walijua habari hiyo zamani sana. Mwaka 1743 Warusi walijenga ngome ndogo hapo kulinda mpaka wa nyika, na karne hiyo hiyo wafanyabiashara wakawa wanachukua mawe wakati wa baridi, wanayasomba kwa sleji mpaka Beloretsk milimani ambako kulikuwa na misitu ya kupata mkaa wa kuyeyushia. Ngome yenyewe ilitekwa mwaka 1774 na Pugachev, yule kiongozi wa uasi wa Wakosaki na wakulima dhidi ya malkia Catherine. Baada ya hapo kikabaki kijiji tu, ng'ombe, upepo na baridi.

Mambo yalibadilika na mpango wa kwanza wa miaka mitano, ule ulioanza 1928. Stalin na wenzake walitaka nchi ya wakulima igeuke nchi ya viwanda haraka haraka, na chuma ndio mama wa yote, huwezi kutengeneza trekta wala reli wala bunduki bila chuma. Na walitaka sehemu iliyo mbali na mpaka wa magharibi, adui akija asifike upesi. Tarehe 30 Juni 1929 treni ya kwanza ikafika mlimani kutoka upande wa Kartaly, na mji unaihesabu siku hiyo kuwa siku yake ya kuzaliwa.

Shida ni kwamba mlima ulikuwa na chuma lakini haukuwa na makaa ya mawe, na huwezi kuyeyusha madini ya chuma kwa wingi huo bila makaa. Makaa yalikuwa Kuzbass, Siberia, zaidi ya kilomita 2,000 kwa reli. Wakaamua treni zitoke Kuzbass zimebeba makaa, zikirudi zibebe madini ya chuma kupeleka kiwanda kingine cha huko huko Kuznetsk, ili zisirudi tupu. Wataalamu wengi walipinga wakisema gharama ya usafiri itakula faida yote. Walikuwa na hoja ya kweli kabisa, ila uamuzi ulishapita kwenye siasa.

Na mfano walioutazama ulikuwa wa Marekani. Walitaka kiwanda kama kile cha Gary, jimbo la Indiana, ambacho wakati huo kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani, na mwaka 1930 wakaingia mkataba na kampuni ya McKee ya Cleveland iwachoree. Nchi ya kikomunisti inailipa kampuni ya kibepari, tena dola, ili imjengee kiwanda, na pande zote mbili zikakubali kwasababu Wamarekani nao walikuwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi na kazi hawana.

Kasi ilikuwa ya kutisha. Bwawa la kuzuia mto Ural ili kiwanda kipate maji lilimwagwa zege katikati ya majira ya baridi. Tanuru la kwanza likawashwa mwisho wa Januari 1932, baridi ikiwa kali, wahandisi wa Kimarekani wakashauri wasubiri hali ya hewa ilegee, wakubwa wakakataa, na haikuchukua muda tanuru likaanza kuharibika na kuhitaji matengenezo. Lakini chuma cha kwanza kilitoka tarehe 1 Februari 1932, na hiyo ndiyo tarehe iliyotangazwa nchi nzima.

Nimesikia mji ule ulijengwa na wafungwa. Ni kweli au ni maneno ya maadui wa Urusi? Msomaji, Unguja

Ni kweli, ila siyo wao peke yao, na hapa naomba univumilie kidogo maana swali lako ndilo kubwa kuliko yote.

Kulikuwa na vijana waliokwenda kwa hiari na mioyo yao yote. Wanachama wa umoja wa vijana wa chama, watoto wa wakulima ambao hawajawahi kuona balbu ya umeme, wanaamini kabisa wanajenga dunia mpya, wanalala kwenye mahema kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri na asubuhi wanakwenda kupanda jukwaa la ujenzi. Wengi walifika hawajui kusoma, wakajifunza madarasa ya jioni baada ya kazi, wakawa mafundi, wakawa wahandisi. Wanawake pia walikuwepo kwenye kazi nzito za ujenzi na ndani ya kiwanda. Hao watu walikuwepo na sipendi mtu akiwafuta.

Pia kulikuwa na makumi ya maelfu ya waliopelekwa kwa nguvu. Hawa waliitwa makulaki, yaani wakulima walioambiwa wao ni matajiri, na kwa wengi utajiri wenyewe ulikuwa ng'ombe wawili au farasi mmoja wa ziada, wakanyang'anywa kila kitu, wakapakiwa na watoto wao kwenye mabehewa ya mizigo na kuteremshwa mlimani mwaka 1931. Majira yao ya kwanza ya baridi wengi wao waliyapitisha kwenye mahema. Watoto ndio waliokufa sana. Kulikuwa na kambi ya wafungwa wa kawaida vile vile. Walijenga tanuru lile lile, wakachimba mlima ule ule, pembeni ya wale wa hiari, ila hawakuruhusiwa kuondoka.

Mmarekani mmoja, John Scott, aliacha chuo kikuu kwao, akajifunza uchomeleaji, akaenda Magnitogorsk mwaka 1932 akiwa na miaka 20 tu. Alikaa miaka kadhaa, akaoa huko huko. Baadaye aliandika aliyoyaona, watu kuanguka kutoka juu, mikono kuganda kwenye chuma, mkate wa mgao, na akasema anaamini vita ya kujenga viwanda vya chuma Urusi ilileta majeruhi na vifo vingi kuliko mapigano ya Marne ya vita kuu ya kwanza. Na huyu hakuwa adui wa nchi ile, aliipenda kazi na aliwapenda wenzake, ndio maana mimi ushuhuda wake nauamini kuliko wa wale walioandika wakiwa ofisini, wawe wa upande wowote.

Wageni wenyewe, wahandisi kutoka Marekani na Ujerumani, waliishi mtaa wao mzuri wenye nyumba za bustani, uliitwa Beryozki, na walipoondoka wakubwa wa kiwanda wakahamia humo. Usawa ulikuwa kwenye mabango, mgao wa chakula na nyumba ulikuwa na madaraja yake.

Halafu ukaja 1937. Yakov Gugel, mkurugenzi aliyesimamia ujenzi wakati tanuru la kwanza linawashwa, alipigwa risasi mwaka huo. Avraami Zavenyagin aliyekuja baada yake alinusurika, mwaka uliofuata akapelekwa kusimamia Norilsk kule kaskazini ya mbali, mji mwingine wa viwanda uliojengwa na wafungwa. Boris Ruchyov, kijana aliyekuja kujenga mji akawa mshairi wake, alikamatwa 1937 akapelekwa kwenye kambi za wafungwa za Kolyma. Alirudi Magnitogorsk miaka ya hamsini, akafia hapo mwaka 1973, na leo wanamheshimu kama mshairi wa mji. Hapo ndipo mimi naona mji ule ulivyo kweli. Aliyekuja kwa hiari na aliyeletwa kwa nguvu hawakukaa kambi mbili mpaka mwisho, mtu yule yule aliweza kuwa mjenzi mwenye shangwe leo na kesho akawa mfungwa, na watoto wa makulaki wakaoana na watoto wa wanachama, wajukuu wao ndio wanaoishi pale sasa. Ukimwambia mtu wa Magnitogorsk mji wako ni wa wafungwa utakuwa umemtukana babu yake mmoja, ukimwambia ni wa mashujaa peke yao umemsahau babu yake wa pili.

Mimi nasoma usanifu majengo Kampala. Mwalimu alitutajia Ernst May na Magnitogorsk kwenye sentensi moja akaendelea na mambo mengine. Kuna uhusiano gani?

Nimefurahi sana umeuliza mwanangu, maana jengo la huyu mtu unalipita hapo hapo mjini kwenu! Ernst May alikuwa Mjerumani, mwenye sifa kubwa kwa mitaa ya nyumba za bei nafuu aliyoijenga Frankfurt miaka ya ishirini. Mwaka 1930 Wasovieti wakamwita na kikosi cha wasanifu wenzake waje wapange miji mipya ya viwanda, na Magnitogorsk ikawa kazi yake kubwa ya kwanza.

Plani yake ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Alitaka mji mrefu kama mkanda, kiwanda upande mmoja, nyumba upande mwingine sambamba nacho, katikati ukanda wa miti wa kuzuia moshi, kila mtu atembee kwenda kazini. Lakini alipofika akakuta kiwanda kimeshaanza kujengwa bila kumsubiri mtu, kando yake kuna bwawa la maji, mahema na mabanda yametapakaa kila mahali, na nafasi ya mkanda wake hakuna. Watu wakabishana miaka mingi ng'ambo ipi nyumba zijengwe. Kilichojengwa kwa mawazo yake ni mtaa wa kwanza tu wa magorofa, ng'ambo ya kushoto, yaani ya mashariki kiliko kiwanda, na hiyo ng'ambo inapata moshi mwingi. Baada ya vita kuu ya pili ndipo ng'ambo ya kulia, yaani ya magharibi, mbali kidogo na kiwanda, ikajengwa kwa nguvu, na mateka wa Kijerumani walikuwa miongoni mwa waliojenga.

May aliondoka Urusi mwisho wa 1933. Ujerumani tayari ilikuwa mikononi mwa Hitler, kurudi hakuweza, akaja Tanganyika, akanunua shamba karibu na Arusha akawa mkulima! Baadaye akahamia Nairobi kufanya usanifu, vita ilipokuja Waingereza wakamweka kizuizini kwasababu ya uraia wake, alipotoka akapewa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala, upande wa Kololo na Naguru. Jengo la Uganda Museum pale Kitante ni lake, lilifunguliwa 1954. Hoteli ya Oceanic ya Mombasa nayo aliichora yeye. Kwahiyo nenda Kitante na daftari lako, angalia jinsi alivyoruhusu hewa na mwanga viingie ndani ya jengo, halafu utafute picha za ule mtaa wa kwanza wa Magnitogorsk uweke pembeni. Utaona mtu aliyejifunza kwa uchungu kwamba hali ya hewa na eneo lenyewe vinatakiwa vije kabla ya plani, ila hayo ni maoni yangu, mwalimu wako anaweza kuona tofauti.

Ni kweli nusu ya vifaru vya Warusi vita kuu ya pili vilitoka Magnitogorsk? Msomaji, Kigali

Vifaru vyenyewe hapana, viliundwa miji mingine kama Chelyabinsk na Nizhny Tagil. Wanachosema wenyeji ni kwamba kila kifaru cha pili kilivaa bamba la chuma lililotoka Magnitogorsk na kila kombora la tatu la mizinga lilikuwa la chuma chao. Ni hesabu ya kujivunia na hurudiwa kila mahali, ila uzito wa kazi yao kwenye vita ile hakuna anayeubisha.

Kabla ya vita kiwanda hakikuwa kinatengeneza chuma cha vifaru kabisa. Ujerumani ilipovamia Juni 1941 viwanda vya Ukraine vikawa njiani mwa adui, na mashine kubwa ya kukandamiza chuma kiwe mabamba ya vifaru ikang'olewa Mariupol, ikapakiwa kwenye treni kuja Ural. Lakini kuifunga ilihitaji muda na mstari wa mbele hausubiri. Basi mafundi wakiwa na mkurugenzi Grigory Nosov wakajaribu kukandamiza bamba kwenye mashine iliyokusudiwa kazi nyingine kabisa, ya kufinyanga vipande vikubwa vya chuma, wengi wakisema itavunjika. Haikuvunjika. Julai hiyo hiyo 1941 bamba la kwanza likatoka. Wengi walioifanya kazi ile ya miaka minne walikuwa wanawake, wazee na vijana wa miaka 14 mpaka 16 kwasababu wanaume wengi walikuwa vitani. Na inaniuma kuandika kwamba Mariupol hiyo hiyo iliyowapa mashine, viwanda vyake vya chuma vimeharibiwa mwaka 2022 kwenye uvamizi wa jeshi la Urusi.

Kuna sanamu ya urefu wa mita 15 pale ukingoni mwa mto, imesimama tangu 1979. Mfanyakazi anamkabidhi askari upanga. Mfanyakazi anatazama mashariki kwenye kiwanda, askari anatazama magharibi ulikokuwa uwanja wa vita. Wanaihesabu kama ya kwanza kati ya tatu, upanga unafuliwa Magnitogorsk, unainuliwa na ile sanamu ya mama kule Volgograd, unateremshwa Berlin kwenye sanamu ya askari wa bustani ya Treptow.

Mlima bado upo? Na kiwanda sasa ni cha nani? Msomaji, Mtwara

Mlima umeliwa. Sehemu kubwa ya madini mazuri iliisha ndani ya miaka kama hamsini, pamebaki mashimo makubwa yenye ngazi ngazi na vipande vya mlima, na leo kiwanda kinategemea madini ya kuletwa, mengine kutoka Rudny kule Kazakhstan. Kwahiyo sasa makaa yanatoka mbali na madini yanatoka mbali, kilichobaki pale ni matanuru, reli, na watu wenye ujuzi wa vizazi vitatu vinne. Mimi nasema ujuzi huo ndio uliobakiza mji hai, siyo jiwe.

Mwishoni mwa miaka ya themanini kilikuwa kinatoa karibu tani milioni 16 za chuma kwa mwaka, miaka ya karibuni ni kati ya 10 na 14 hivi. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika kilibinafsishwa, na mwenye hisa nyingi ni Viktor Rashnikov, mzaliwa wa hapo hapo, alianza kazi kiwandani akiwa fundi wa kawaida akapanda mpaka mkurugenzi mkuu mwaka 1997. Mwaka 2009 walifungua mashine mpya kubwa ya mabamba mapana kwa ajili ya mabomba ya gesi na mafuta. Tangu 2022 yeye yuko kwenye vikwazo vya Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani kwasababu ya vita ya Ukraine. Ukitaka kuelewa kwanini mji mzima unashtuka kiwanda kikikohoa, jua kwamba kiwanda kinagusa kila nyumba, kama siyo baba basi shangazi au mkwe anafanya kazi humo.

Mdogo wangu kaomba nafasi ya kusoma huko na mama anaogopa moshi na baridi. Tumwambie nini? Msomaji, Iringa

Shikamoo zangu kwa mama, na hofu yake ina msingi. Magnitogorsk ni miongoni mwa miji 12 ambayo serikali ya Urusi yenyewe iliiweka kwenye mradi wa taifa wa kusafisha hewa ulioanza 2018, yaani wao wenyewe wamekiri. Kiwanda kimefunga mitambo mipya na kuna siku nyingi anga ni safi, ila upepo ukikataa, moshi unakaa. Mwenye pumu asiende bila kuongea na daktari wake, hilo nalisema wazi. Akipata nafasi atafute chumba ng'ambo ya kulia, ndiko chuo kikuu cha ufundi kilichopewa jina la Nosov kilipo, na ni chuo cha tangu 1934 kilichoanzishwa mahsusi kwa madini na chuma, kwa somo hilo yuko mahali pake. Baridi ya Januari kwa wastani ni kama nyuzi 14 chini ya sifuri na kuna siku inashuka 30, tena ni nyika, upepo unapita moja kwa moja. Koti na viatu anunue huko huko, vya mitumba vya kwetu havitoshi.

Watu wa huko wanaburudika vipi? Au ni kazi tu? Msomaji, Mombasa

Hoki ya barafu! Timu yao inaitwa Metallurg, imechukua kombe la Gagarin, lile la ligi yao kubwa, mwaka 2014, 2016 na 2024, na siku ya mechi mji wote uko kwenye hoki. Evgeni Malkin, nyota wa Pittsburgh kule Marekani, ni mtoto wa Magnitogorsk, kazaliwa 1986, na baba yake alifanya kazi kiwandani. Wikiendi watu wanakimbilia ziwa Bannoye upande wa jimbo jirani la Bashkortostan, kiangazi wanaogelea, baridi wanateleza kwa ski mlimani, na hewa ya huko inasemekana ni tamu sana.